Nilimuua Kiboko kwa Siri ya Rafiki Yangu

Kosa ni langu, msinitafutie wakili. Na atakayesema ulimi uliteleza nitamkatalia, maana wangu haukuteleza hata kidogo. Ulitembea wenyewe, kwa madaha, mbele za watu!

Mimi ni mwanamke mzima, nafanya kazi katika duka la fotokopi karibu na chuo, mtaa wa Mutanga. Ugonjwa wangu ni michezo ya mezani, ile ambayo mmoja anasimulia hadithi, wengine wanajifanya mashujaa, na dadu zinaamua nani apone. Kila Jumamosi mchana tulicheza mtaani Nyakabiga, juu ya meza ya kukatia vitambaa ya Aline, fundi cherehani, rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa kamasi kule Ngagara.

Kanuni za uchawi nilitunga mimi, nyuma ya karatasi za wanafunzi zilizoharibika mashineni. Sikutaka orodha ya kukariri. Mchawi abuni papo hapo: aseme anataka kufanya nini, kwa kitu gani, kisha alipe. Mwanzoni alilipa kwa nguvu za mwili wake. Hamisi, fundi magari wa Buyenzi, akapiga miayo.

"Hii uchawi iko kama kulipa taxe ya serikali," akasema.

Basi nikabuni bei mpya: siri. Ukitaka uchawi, toa siri ya kweli mezani. Siri ndogo, dadu moja. Siri ya kushikisha watu vichwa, dadu tatu. Jamani, ilinoga! Hamisi alikiri hajui kuogelea, ingawa mkewe anaamini aliwahi kuokoa mtu ziwani. Ndani ya hadithi, lango la chuma likavunjika. Aline alikiri alikata suruali ya mteja ikawa fupi, akamwambia mteja ndiye aliyerefuka.

Aline huyo huyo ndiye aliyeona tundu. "Dada, siri ya nani? Yangu, ao ya mutu yeyote?"

"Siri ni siri," nikamjibu, nikijiona mwerevu. Ukweli ni kwamba nilikuwa mvivu wa kuandika upya ukurasa.

Baadaye Aline akamleta mchumba wake mezani, Égide, mwalimu wa hesabu, mpole kupindukia. Wazee wake walikuwa wamekwishaposa, na siku ya mahari, dot kama tunavyoiita huku, ilibaki majuma mawili. Siku ya kuposa, mjomba wa Aline, msemaji wa familia, alisimama mbele ya wazee akaapa kwamba hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kupiga hodi kwa binti huyo.

Uongo mtupu! Aline aliwahi kuposwa mjini Gitega. Siku ya mahari, vinywaji vikishushwa uani, yeye alitokea mlango wa jikoni akapanda basi. Nje ya familia nilijua mimi peke yangu. Aliniambia akilia, na akaniomba nimwache amwambie Égide mwenyewe kabla ya siku kufika.

Jumamosi ile, Égide akiwa ameketi kando ya Aline, Hamisi ndiye aliyesimulia. Akatuletea kiboko mwenye laana, yaani kizibo cha bia kilichowekwa katikati ya meza. Mchawi wangu, niliyemlea miezi minane, alibaki na pumzi moja. Siri zangu zote nilikuwa nimezimaliza kwa mambo ya kipuuzi.

"Sema uchawi ao kufa," Hamisi akanihimiza.

"Nachemsha maji ndani ya tumbo yake!"

"Bei?"

Heri ningekufa tu! Mchawi wa karatasi, ningechora mwingine kesho! Lakini macho yangu yalikuwa kwenye zile dadu tatu.

"Aline alikimbiaka siku ya dot yake ya kwanza, kule Gitega."

Nikatupa. Sita, sita, tano. Kiboko akafa, na hakuna aliyeshangilia.

Égide aliweka kalamu chini. "Mujomba wako aliapa mbele ya baba yangu," akamwambia Aline, taratibu. Yule bwana akaondoka, akausahau mwavuli wake.

"Aline, ni mchezo tu..." nikaanza. Mungu wangu, aibu niliyonayo ninapoyaandika maneno hayo!

Mahari iliahirishwa. Wazee wakakaa upya, mjomba akaomba radhi kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuwa nayo. Baada ya miezi miwili Égide akarudi. Mimi pia nilirudi, kuomba msamaha. Aline alikuwa anakata kitambaa, hakuinua macho.

"Mi nilificha juu niliogopa. Égide alinisamehe. We ulisema juu ulitaka kushinda. Hiyo nasamehe namna gani?"

Walioana. Ratiba ya harusi niliichapisha mimi, Hamisi ndiye aliyeileta dukani. Nakala zote zilipita mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Hamisi anasema bado wanacheza kila Jumamosi, kwa kanuni zangu. Aline ameongeza mstari mmoja: kila mtu alipe kwa siri yake mwenyewe. Eti sasa mchezo umenoga zaidi.

Ninyi mnaotunga kanuni, sikilizeni: tundu uliloonyeshwa ukalipuuza, wa kwanza kupita humo utakuwa wewe. Na ukiwekewa siri, kufa nayo, hata kama kiboko amefungua mdomo.

Hii niliyowaandikia ni siri yangu mimi, ya kweli, ya dadu tatu kamili. Ila sina meza ya kuitolea.