Asubuhi Aliyonipeleka Mjomba Mwambani

Juzi hapa Kibiti nilipita kwenye duka la kandambili, harufu ya mpira mpya ikanipiga puani, nikasahau kabisa nilichofuata. Wenzangu, harufu ile kwangu si ya viatu. Ni ya miwani ya kuzamia aliyoninunulia mjomba Hamadi nilipokuwa na miaka tisa.

Mimi nilipewa jina la bibi, mama yake mjomba. Kwa hiyo tangu natambaa aliniita "mama", na kweli alinitunza kama mzazi wake. Kichwa cha samaki changu, ukoko wa wali wangu, na aliyethubutu kunichapa alikiona. Nilimpenda kuliko watu wote pale kisiwani kwetu, mto unapoingia baharini.

Sisi watoto wa delta, maji tuliyoyajua ni ya tope. Ukitia mkono huvioni vidole. Basi mjomba aliponiambia, "Mama, kesho nakupeleka mwambani ukawaone samaki kwao," sikupata usingizi. Asubuhi tukatoka kwa boti ya mashine, mimi, yeye na rafiki yake Sefu. Mikoko ikabaki nyuma, maji yakageuka rangi, mpaka nikaona kivuli cha boti kimelala juu ya mchanga.

Mkanda wa miwani ulikuwa mkubwa, mjomba akaupiga fundo kisogoni, nywele zangu zikiwemo. Akanitia mrija mdomoni. "Pumua taratibu, mama, kama umelala."

Nikainamisha uso. Yarabi! Matumbawe ya manjano na zambarau, na pono wa kijani wakiguguna mawe hata nikawasikia, kwaru-kwaru, kama watu wanaotafuna miwa. Kisamaki kimoja kilikuja kunitazama, kikanidharau, kikaenda zake. Nilipiga kelele ndani ya mrija, nikanywa maji, nikacheka, nikanywa tena.

"Wengi wako wapi, mama?" mjomba akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa furaha shimo walimojaa vibua.

Akanipandisha botini, akanifunika kanga. "Ziba masikio." Kisha akawasha utambi wa chupa ya baruti, akairusha palepale nilipoonyesha. Mshindo niliusikia mbavuni kabla ya masikioni. Vibua wakaibuka matumbo juu. Wao wakiokota, nilivaa tena miwani nikachungulia. Chini palikuwa na vumbi jeupe, na waliozama walikuwa wengi kuliko walioelea. Nililia mpaka miwani ikajaa machozi.

Nyumbani bibi alimbonyeza kibua mmoja, nyama ikaachia mfupa.

"Wa baruti hawa, Hamadi."

"Wa mshipi, mama! Muulize somo yako."

Wote wakanigeukia. Mjomba alikuwa na hakika nitamkingia kifua.

"Wa baruti, bibi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwonyesha walipo."

Bibi akasukuma ungo wa samaki pembeni, usiku ule tukala wali kwa mchicha. Mjomba akanitazama kama aliyekosewa yeye. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na hapo chawa ni mimi! Tangu siku hiyo aliniita kwa jina langu tu.

Kwa miaka mingi nilikilaumu kidole changu. Nimeshakuwa mtu mzima, nikakutana na Sefu stendi, ameacha kazi ile zamani. Nikamwambia kwamba nisingeonyesha lile shimo, huenda mwamba ungepona.

Akacheka. "Shimo lile tulilijua miaka yote, mwanangu."

"Sasa mlinipelekea nini?"

"Watu wa doria walipopekua boti walikuwa hawamwinui mtoto wa kike alipokaa. Chupa zilikuwa chini ya ubao uliokalia."

Nilimuaga, nikapanda basi nikiwa na hasira za kitoto kabisa. Nilidhani ninajua udanganyifu wake ulipoanzia, pale alipowasha utambi. Kumbe ulianza dukani alipokuwa ananichagulia miwani. Vibua nilishamsamehe, na uongo mbele ya bibi nilishamsamehe. Ila furaha ile, ambayo sijaipata tena popote, alinipa ili nitulie juu ya baruti yake. Hiyo sijamsamehe.