Mafuta Safi ya Ulaya, ya Kuchanganya ya Mrima

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, lakini maneno yangu yatoe kama yalivyo.

Nna umri wa miaka thelathini na moja, nnaishi Kikwajuni, hapa Unguja. Mume wangu ana kiwanda kidogo cha kuchemsha makonyo, vile vijiti vya karafuu, na kutoa mafuta ya dawa ya meno. Tangu vita vya Mjerumani vimalizike, biashara imemkubali. Mapipa yanapanda meli kwenda Ulaya, chupa ndogo zinakwenda Mrima, pwani ya bara, na Ngazija. Mimi nikijua mafuta ni yale yale.

Mwezi wa Rajabu shangazi yangu alikuja kutoka Tanga, shavu limevimba, ufizi umebabuka. Akatoa chupa mkobani. "Mwanangu, nilinunua hii kwa sababu ni ya mumeo." Nilipoinusa, ilinuka tapentaini, ile ya kuchanganyia rangi.

Nikamfuata mume wangu kiwandani, nikamuuliza. Wala hakukataa.

"Ulaya wanapima kila pipa, likiwa na kasoro wanalirudisha. Mrima nani anapima?"

"Napima mimi," nikamwambia.

Akacheka, akaniambia nikapike.

Sikwenda kupika. Alasiri alipokuja wakala wa Tanga na mahamali wake kuchukua makasha ya chupa, nilisimama mlangoni na buibui langu, nikamwambia mbele ya watu: "Mafuta haya yametiwa tapentaini. Fungua unuse." Akafungua, akanusa, akaondoka mikono mitupu.

Mume wangu akanijia juu. "Umenivunjia heshima mbele ya mji mzima! Nenda kamwambie wakala umesema uongo, la sivyo nenda kwenu."

Nikaenda kwetu.

Mama analia. "Mstiri mumeo, mwanangu." Namuuliza, na shangazi nani kamstiri?

Juzi wifi yangu amekuja. Kaka yake ananitaka nirudi, na habari ya kukana maneno yangu haitaji tena. Nikamuuliza, makasha yamemwagwa? Akasema yapo, na ameshapatikana wakala wa Ngazija.

Wasomaji, kuomba radhi nshakataa, kwa hilo msipoteze wino wenu. Mume wangu nnampenda bado, na hilo ndilo linalonichoma. Nirudi nyumbani, niyamwage yale mafuta kwa mikono yangu, anipige akitaka? Au nidai talaka yangu, nikasimame bandarini niwatangazie Wangazija wenyewe? Nipeni shauri, ndugu zangu, na mnipe upesi, maana meli ya Ngazija inapakia.