Wamama wa kanisa wamekunywa maji ya mbegu zangu za pasheni

Niambieni kama nimekosa, kabla nifunge virago nirudi kwetu.

Mti wangu wa pasheni ulikauka mwezi uliopita. Matunda ya mwisho niliyakamulia kwa beseni, nikaweka maji, nikafunika. Ile nyama laini inayozunguka kila mbegu lazima ichache siku tatu ndio itoke, halafu mbegu nipande.

Leo nimetoka kuchuna majani chai. Kufika nyumbani, napata mama mkwe sebuleni na wamama wa kanisa, kila mmoja na glasi.

Alikuwa amechuja ile beseni yangu, akaongeza sukari. Mbegu akarushia kuku.

Kuku, jamani. Zote.

Nikasema, "Mama, hiyo kitu imechacha siku tatu."

Glasi zikawekwa chini moja moja. Mama mkwe akaniangalia.

"Mama Chebet, kumbe unatengeneza pombe kwa nyumba ya kijana wangu?"

Mimi tena. Mbegu nimepoteza, na Jumapili ni mimi nitaombewa.

Na mmoja wa hao wataniombea amenipigia simu sasa hivi. Ananong'ona, anauliza kama kuna juisi yenye ilibaki.