Tiki za Ghorofa ya Tisa

Jumatano, tarehe kumi na sita mwezi wa tatu, saa saba na robo mchana.

Hiyo ndiyo saa maisha yangu yalipoharibika. Mwenyewe nilikuja kujua saa kumi. Yaani nilitembea karibu saa tatu nzima nikiwa mgane na sina habari.

Miaka minne baadaye, saa saba na robo ile ile, ukuta wa ghorofa ya tisa ulianza kugonga.

Ndugu zangu, mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinisahihishe nukta na mkato. Sahihisheni roho yangu mkiweza.

Kazi yangu ni fundi wa jengo. Bomba, taa, vitasa, lifti ikigoma, yote mimi. Jengo lenyewe lina ghorofa kumi na mbili, vioo mwanzo mwisho, na wakati ule madirisha yalikuwa hayafunguki. Watu wananiita Spana mpaka nimesahau jina nililopewa na mama.

Mke wangu alikuwa msafishaji humo humo. Wafanyakazi wa ofisini walimwita Shangazi. Akipita na mopa, mtu mzima na tai yake anainua miguu juu kama mtoto.

Zamani lile jengo lilikuwa soko. Ghorofa ya tisa peke yake ilikuwa na watu mia mbili.

Halafu ikaja hii habari ya kufanya kazi nyumbani.

Walianza kwa siku mbili kwa wiki. Zikawa nne. Siku moja wakaja kuchukua vikombe vyao na picha za watoto wao, wakaondoka. Wakabaki viti na vumbi. Na sisi watatu: mlinzi pale chini, mimi, na mke wangu.

Maana hakuna anayeweza kupiga deki akiwa nyumbani kwake.

Msimamizi wetu naye alihamia nyumbani. Tulimwita Tai. Kwenye kamera anakutokea kavaa shati na tai, siku moja akasimama kufunga dirisha, chini ana bukta yenye katuni. Lakini amri alizotoa zilikuwa za suruali.

Amri ya kwanza: kiyoyozi kizimwe, hakuna watu.

Ya pili: wasafishaji waache simu zao kwa mlinzi, wasizembee.

Ya tatu ndiyo karatasi. Kwenye mlango wa kila choo inabandikwa karatasi yenye saa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Kila saa msafishaji atie tiki kwamba amepita. Jioni mlinzi anapiga picha, anamtumia Tai.

"Choo hakijaingiwa na mtu tangu mwezi wa kumi na mbili," mke wangu alimwambia siku moja kwenye simu ya mlinzi.

"Shangazi, utaratibu ni utaratibu."

Alipokata, mke wangu akanigeukia. "Unajua ninachosafisha mle, Spana? Nyayo zangu mwenyewe. Nafuta, nageuka, nakuta nyingine."

Tukacheka. Kicheko kile bado nakisikia.

Kulikuwa na stoo ya mafagio ghorofa ya tisa, imepakana na vyoo. Kitasa chake cha ndani kiling'oka. Niliomba kipya mara tatu. Mara zote nikajibiwa, "Ombi lako limepokelewa." Wakapokea, wakakaa nalo. Mke wangu akawa anazuia mlango kwa ndoo, kwa sababu ukijifunga ukiwa ndani, hutoki mpaka uje ufunguliwe.

Jumatano ile alikutwa mle ndani. Saa kumi. Mlango umejifunga, hewa hakuna, zile dawa kali za kusafishia zimejaa, na yeye alikuwa na pumu.

Mimi ndiye niliyefungua.

Hiyo sehemu siielezi.

Nikaanza kuzunguka maofisini kudai haki yake. Nikafika ya kwanza: anayehusika anafanya kazi nyumbani. Ya pili: mwenye faili yuko nyumbani. Ya tatu nilimkuta binti mmoja mapokezi, peke yake kwenye ukumbi kama uwanja wa mpira.

"Baba, hapa nipo mimi tu," aliniambia kwa huruma. "Na mimi hawajaniambia kitu."

Mwisho wakaleta barua. Karatasi ya siku ile ina tiki zote mpaka saa kumi. Kwa hiyo mpaka saa kumi, mwisho wa zamu, marehemu alikuwa mzima na anafanya kazi. Aliingia stoo kwa mambo yake. Poleni sana.

Karatasi ikawa shahidi. Mtu akawa si kitu.

Jengo likakaa gizani mwaka na nusu. Kisha wakubwa wakatimiza wazo lao la siku nyingi, kwamba watu wamekimbia ofisi lakini bado wanatafuta pa kulala. Wakavunja, wakajenga kuta mpya, maofisi yakawa nyumba. Penye meza ya mhasibu leo kuna kitanda cha mtu. Mimi wakaniacha, si kwa upendo, ila hakuna mwingine anayejua bomba gani linatoka wapi.

Ile stoo ikawa jiko la nyumba ya tatu, ghorofa ya tisa.

Mpangaji wa kwanza alikuwa kijana wa kompyuta. Hata mwezi haukuisha, akashuka mbio na soksi.

"Mzee Spana, kuna mtu anagonga jikoni kwangu."

"Ni bomba."

"Bomba gani linagonga saa saba na robo kila siku? Nipo kwenye kikao, wenzangu wako huko makwao, wananiambia nenda kafungue mlango, sisi tutasubiri. Nafungua, hakuna mtu. Narudi, bosi ananiambia bado anagonga."

Nikapanda. Nikasimama jikoni kwake, mikono mfukoni.

Ko. Ko. Ko.

Kimya.

Ko. Ko. Ko.

Nilitoboa ule ukuta kesho yake. Ndani hakuna bomba. Halikuwepo, na halijawahi kuwepo. Nikaziba, nikapaka rangi, nikamwambia nimelirekebisha.

Alihama Jumamosi. Wakaja mume na mke, wakakaa wiki tatu. Akaja mama mmoja mwalimu, huyo alikaa siku nne, hakuchukua hata mapazia yake.

Nyumba ikakaa wazi, funguo nikawa nazo mimi. Mpaka siku niliyoambiwa kuna mpangaji mpya anakuja. Nikashuka kumpokea.

Alikuwa binti yangu.

Wa pekee. Tumboni ana mimba ya miezi sita, na pumu ya mama yake kairithi kama ilivyo. Tangu msiba, yeye ndiye mtu wangu aliyebaki duniani. Kila Ijumaa ananipigia, "Baba umekula?" Sina mwingine wa kuniuliza hivyo.

"Hapa hukai," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Hakuna hewa."

"Wameweka madirisha yanayofunguka, Baba. Nimeyaona."

"Mwanangu, nakuomba. Tafuta pengine."

Akaniangalia kama mama yake alivyokuwa akiniangalia nikirudi nimechelewa. "Nikatafute wapi? Mimi nimetafuta hapa hapa."

Akapanda na masanduku yake. Nilimbebea, ningefanyaje.

Saa saba na robo tulikuwa jikoni wote wawili. Akaegemea ukuta, mkono tumboni.

Ko. Ko. Ko.

Hakuruka. Hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka ukanyamaza.

"Ni mtu anayeishiwa pumzi," akasema. "Mimi najua. Unafanya kitu mara tatu, unapumzika, unaanza tena."

"Ni Tai na karatasi zake," nikasema. Nikaanza wimbo wangu wa siku zote: wakubwa, kitasa, kiyoyozi, ombi limepokelewa.

Akaniacha nikamaliza. Akatoa simu, akanionyesha picha. Kumbe yeye hakuacha kufuatilia. Aliandika barua pepe mpaka wakachoka, wakamtumia ile karatasi ya mlangoni.

"Hizi tiki ni za nani, Baba?"

"Za mama yako."

"Mama alikuwa mashoto."

Nikamrudishia simu.

"Hakujua kusoma vizuri, lakini kila jioni alipitia madaftari yangu na kutia tiki, hata kwenye hesabu nilizokosa. Nimekulia kwenye tiki zake. Zinalalia huku. Hizi zinalalia kule. Na zote zimetiwa kwa mkono mmoja, wino mmoja, mtu mwenye haraka."

Ndugu zangu, hapo juu nimewaficha. Sasa nasema.

Asubuhi ile mke wangu aliniambia kifua kinabana. Nikamwambia aingie stoo apumzike, mimi nitamtilia tiki. Nikatia zote, mpaka ya saa kumi. Nikamwambia afunge mlango, kwa sababu Tai anaangalia korido kwenye kamera, akiuona wazi na ndoo pale atauliza. "Nitakufungulia saa nne," nikamwambia.

Saa nne kasorobo Tai akapiga simu. Wamekuja wapimaji wa kupima jengo ligeuzwe nyumba, nisiwaache hata hatua moja. Nikaanza nao ghorofa ya kwanza, moja moja kwenda juu. Saa nne ikapita, nikajisemea amelala, na apumzike.

Ghorofa ya tisa tulifika saa saba na robo. Mmoja wao akaweka kipimo chake kwenye mlango wa stoo.

Ko. Ko. Ko.

"Kuna mtu humu?" akauliza.

Mlango ulikuwa hatua moja kutoka kwangu. Kitasa cha nje kizima. Nikawaza, nikifungua, wanamkuta amejilaza, Tai anaambiwa, kesho wote wawili hatuna kazi. Nikawaza anataka kutoka tu, asubiri kidogo wageni wapite.

Nikasema, "Ni bomba."

Mpimaji akaandika kwenye daftari lake. Tukapanda ya kumi. Kisha kwenye matangi ya juu ya paa, kisha chini kabisa kwenye pampu. Kila nikitaka kujiiba, Tai yuko kwenye simu, wapeleke huku, wapeleke kule.

Tai simsamehe. Kitasa kile hakikuzidi ukubwa wa kiganja. Lakini aliyesimama mlangoni hakuwa Tai. Yeye alikuwa nyumbani.

Nilimweleza binti yangu yote haya nimekaa sakafuni jikoni kwake. Sikuomba radhi, sikujua naianzia wapi. Nilidhani atanifukuza. Alivuta dawa yake ya pumu, kisha akaniuliza swali moja.

Wewe unayesoma, hasa mwenye cheo kama changu cha kubeba spana, chukua hili moja. Usimtilie tiki mtu ambaye hujamwona kwa macho. Na mlango ukigongwa mbele ya mkubwa, fungua. Kazi nyingine utatafuta.

Binti yangu hakuhama. Kila siku saa saba na robo anakwenda pale ukutani, anagonga mara tatu kujibu. Ijumaa hii hakunipigia, wala ile iliyopita. Nikipanda ananifungulia, ananipa kiti, lakini swali ni lile lile aliloniuliza siku ile, na mimi nimemuuliza daktari, nimemuuliza mpimaji, nimeuuliza hata ukuta.

"Baba, uliposema ni bomba, mama aliijua sauti yako?"