Mstari Nilioutia Kwenye Risala

Nilimwonea wivu binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na nitaliandika jambo hili kama lilivyo. Tulikuwa darasa moja, kidato cha pili, katika shule yetu ya Harambee hapa Msambweni, iliyoezekwa kwa mabati ya babake. Kila mvua iliponyesha mwalimu akalazimika kunyamaza kwa kelele, binti huyo aligeuka nyuma akasema, "Mshukuruni Mungu, saa hizi mngekuwa mnarowa." Wenzetu walicheka. Nami nilicheka, maana sijui kutocheka wakati wengine wanacheka.

Baba yangu ni fundi cherehani. Ana cherehani moja, kwenye kibaraza cha kukodi, wala hakuna bati lililotoka kwake. Lakini kulikuwa na jambo nililolijua, kwa kuwa mimi ndiye nitiaye vifungo: baadhi ya sare za shule alizishona bure. Mtoto wa aina hiyo akija kuichukua sare yake mbele ya wateja, baba humfungia kwenye gazeti na kusema kwa sauti, "Mzee wako tulishamalizana, mwambie ahsante." Mtoto huondoka kichwa juu kama wengine.

Bendera mpya ilikuwa haijatimiza miaka miwili mlingotini tulipoambiwa kwamba Bwana DC, mkuu wa wilaya, atakuja kuwatunuku vyeti wafanyabiashara walioisaidia shule. Walikuwa watatu: babake yule binti, mwenye hoteli moja ya Diani aliyetoa madawati, na mwenye lori aliyetubebea mchanga. Mwalimu mkuu alinipa mimi niandike risala, kwa sababu ya hati yangu. Kisha akasema itasomwa na binti wa mwenye duka, kwa sababu mimi nikisimama mbele ya watu sauti huniingia tumboni.

Basi niandike mimi, asome yeye, asifiwe babake! Niliyasifu yale mabati mpaka mkono ukauma. Nilipofika mwisho nikaongeza mstari wangu: "Vilevile hatumsahau fundi wetu wa cherehani, ambaye mwaka huu amewashonea sare bure wanafunzi saba wa shule hii wasiojiweza." Mwalimu mkuu aliipitia risala harakaharaka, akatia sahihi.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Yule binti alisoma vizuri, sikatai. Alipofika kwenye mstari wangu alisita, akanitupia jicho, kisha akausoma wote. Bwana DC akauliza, "Yuko wapi fundi huyo?" Baba alikuwa nyuma kabisa pamoja na wenzake wa msikitini, wakamsukuma mbele. Vyeti vilikuwa vitatu tu, vimeshaandikwa, hivyo yeye alipewa mkono na makofi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, nikingoja atabasamu. Hakutabasamu. Alikuwa akiitazama mistari ya wanafunzi.

Nami nikageuka. Wanafunzi walikuwa wakikaguana nguo.

"Saba!" mvulana mmoja alinong'ona nyuma yangu. "Haya, tuhesabu. Wewe wa ngapi?"

"Yangu mimi ilinunuliwa, kamuulize mama!"

"Mbona watetemeka basi?"

"Wa kwanza mimi namjua," alidakia mwingine. "Si yule wa bara? Mbuzi wa kwao walikwisha kwa kiangazi, sare kaipata wapi?"

Huyo wa bara alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Alikuwa shoga yangu, msichana mwenzangu wa dawati moja tangu kidato cha kwanza, mtoto wa wafugaji wa huko kwenye ukame nyuma ya Kinango, aliyekuja kukaa kwa shangazi yake ili asome. Aliivuta kola yake kama mtu aliyebanwa na joto.

Jumatatu hakuja shule. Jioni alikuja kibarazani kwetu amevaa gauni lake la zamani, sare ameikunja, imepigwa pasi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imekubana?"

"Haijanibana. Nimeirudisha. Shangazi asema ahsante."

Wateja wawili walikuwapo. Baba akaanza, "Mzee wako tuli..." akaishia hapo. Nani angeamini tena? Shoga yangu akaiweka sare mezani, akaenda zake bila kunitazama.

Wateja walipoondoka, baba aliniuliza, "Ule mstari aliuandika nani?"

"Mimi, baba."

"Nilikutuma?"

"Hukunituma. Lakini yule wa mabati kapewa cheti, na wewe..."

"Bati halioni haya. Mtu huona." Akanikabidhi ile sare. "Mpelekee. Na useme kwa kinywa chako, si kwa kalamu."

Nilikwenda. Mlangoni kwa shangazi yake nilisema "Nisamehe" mara moja tu, kwa sauti ambayo haikuwashtua hata kuku waliokuwa miguuni pangu.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu nilipoitia vifungo."

"Na siku zote hizo hukusema."

"Sikusema."

"Kumbe kunyamaza wajua." Akaufunga mlango taratibu, sare imebaki mikononi mwangu.

Alirudi shule baada ya siku nane, amevaa sare mpya iliyoshonwa na mkono mwingine: pindo jembamba, shingo imekaa kama imechorwa. Hakuja dawatini kwetu. Alikwenda kuketi na binti wa mwenye duka, ambaye alikuwa amekwisha kumsogezea nafasi. Wakati wa mapumziko nilimfuata shoga yangu.

"Nani amekushonea?"

"Sikwambii."

"Hata mimi, shoga?"

"Wewe hasa. Nikikwambia utakwenda kuandika."

Binti wa mwenye duka alikuwa akitutazama kwa mbali, na siku hiyo hakujisifia lolote. Sikupenda nilichokiwaza, kwamba sare ile imetoka kwao. Cheti cha babake kilikuwa kimeniuma, lakini hiki kiliniuma zaidi, nguo iliyotolewa bila kupigiwa hata kofi moja.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa akikata kitambaa.

"Mwenzio amerudi?"

"Amerudi."

"Sare anayo?"

"Anayo. Mpya."

"Imemkaa?"

"Imemkaa, baba. Imemkaa sana."

"Alhamdulillahi," alisema, mkasi ukaendelea. Hakuuliza ni nani aliyeishona. Nilisimama pale nikimwonea wivu hata yeye, kwa vile moyo wake haukutaka kujua.