Mbuzi Watatu na Shafti za Muthama

Muthama wa Kambu alikuwa fundi wa magari asiyejua kufanya kazi kimya. Akifungua nati anaimba, akiifunga anagombana nayo, na ikikataa kabisa anaipa jina la mtu aliyemuudhi wiki hiyo. Hoteli yangu ya chai ilipakana na gereji yake, ukuta wa mabati tu katikati, na nilisikia nati nyingi sana zikiitwa Syombua. Syombua ni mimi.

Mwaka huo wa themanini na saba, Muthama alikuwa na deni moja tu lililomuuma, nalo halikuwa la duka. Alikuwa ameishi na Mutindi tangu ujanani, wakazaa, wakajenga, wakazeeka kidogo, na hakuwa amepeleka ntheo. Kwetu Ukambani ntheo ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, na bila mbuzi hao hata mkizaa timu nzima ya mpira bado hamjaoana. Kila mwaka alikuwa na sababu. Mara ukame, mara karo, mara gari la mteja limekwama. Mutindi alikuwa akinisaidia hotelini, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Basi binti yao mkubwa, Kavata, akapata mchumba. Watu wa kijana wakatuma habari kwamba Jumamosi watafika Kambu na mbuzi wao. Hapo ndipo Muthama alipobanwa, kwa maana baba hapokei mbuzi wa binti kama wa mama yake hajawatoa. Mutindi alimwambia mbele yangu, mikono ikiwa ndani ya unga wa chapati.

"Baba Kavata, hao wageni wakikuja kabla mbuzi zangu zifike Nuu, mimi nitaenda nikae kanisani mpaka waondoke. Siwezi kupikia mtoto wangu sherehe yenye mimi sikufanyiwa."

Hakupaza sauti. Ningekuwa mimi ningemrushia unga. Muthama alirudi gereji, na siku hiyo hakuna nati iliyoimbiwa.

Mbuzi alikuwa nao. Njia ndiyo ilikuwa kazi. Nuu, kwa wazazi wa Mutindi, iko mbali, ng'ambo ya Kitui na kupita Mwingi, na basi la kufika huko lilikuwa la siku ya soko tu. Kulikuwa na gari lake mwenyewe, Renault Roho kuukuu rangi ya chai ya maziwa, lakini gari lile lilikuwa linaumwa. Roho huvutwa na magurudumu ya mbele, na kila gurudumu huzungushwa na chuma kirefu kiitwacho shafti. Mwisho wa shafti kuna jointi yenye gololi zinazokaa ndani ya mifereji, ili gurudumu liweze kukata kona huku linazunguka. Miiba ilikuwa imepasua mipira inayofunika jointi hizo, mchanga ukaingia, ukala chuma. Ukikata kona unasikia ka-ka-ka-ka, kama mtu anayevunja kuni kavu. Kambu nzima tulijua Muthama anarudi nyumbani kabla hajaonekana.

Jointi mpya hazikupatikana. Aliulizia madereva mpaka Mtito Andei, wakamcheka, gari lenyewe lilikuwa la zamani mno. Alhamisi asubuhi nikamsikia akipiga kelele upande wa pili wa mabati, nikadhani ameangukiwa na injini.

"Syombua! Kuja uone! Kuja haraka!"

Nilimkuta chini ya gari, miguu inarukaruka vumbini kama ya mtoto.

"Sikiza," akasema. "Gari ikienda mbele, gololi inasukuma upande moja ya mfereji. Huo upande ndio umeisha. Huu mwingine unatumika na rivasi peke yake, uko mzima! Sasa mimi natoa shafti ya kulia naweka kushoto, ya kushoto naweka kulia. Upande mzima unakuwa ndio wa mbele!"

"Na ukitaka kurudi nyuma?"

"Nani amesema tunarudi nyuma?"

Sikuelewa nusu yake, lakini mwili ulinisisimka. Nilizima jiko, nikafunga hoteli mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kufanya hata kwa mazishi. Kisilu mwenye bucha akaja kusaidia kwa nguvu zake zote, na akili zake akaziacha buchani. Shafti zilipotoka, Muthama alizilaza moja huku na nyingine kule ili asizichanganye. Kisilu, kwa wema wake, akazikusanya zote mbili, akazitia karai moja la mafuta ya taa na kuzisugua mpaka zikang'aa. Ziko sawasawa kama mapacha. Ya kulia ni ipi?

Muthama alikuwa na haraka, hakutaka kuangalia. Akapakia grisi mpya, akakata tyubu ya baiskeli na kufunika jointi kwa raba hiyo, akaibana kwa waya, akarudisha kila kitu. Watu wakajaa kando ya barabara. Akawasha, akakata kona ya kwanza.

Ka-ka-ka-ka.

Alikuwa amerudisha kila shafti upande wake wa zamani! Nilimtukana Kisilu vya kutosha. Mutindi alitoka nyuma ya watu, akatazama gari, akaanza kukunja leso zake kwenye mfuko. Tulijua mfuko ule si wa Nuu, ni wa kwenda kanisani. Muthama alimwona pia. Akainua gari kwa jeki upya, akafungua upya, na safari hii akaweka kila jointi juani, akapitisha ukucha ndani ya mfereji mpaka akaona ulipolika. Hakuimba hata neno.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipowasha tena. Akakata kona kulia. Kimya. Akakata kushoto. Kimya! Akazunguka uwanja mzima tunasikia injini peke yake, na mimi nikapiga kigelegele mpaka lori la Mombasa likapunguza mwendo kutuangalia. Mutindi alikuwa amesimama na mfuko wake. Akaufungua, akatoa leso moja, nzuri kuliko zote, akaijaribu kichwani.

Ijumaa alfajiri tuliondoka watu wanne na mbuzi watatu: Muthama kwenye usukani, Kisilu kama msemaji wake, Mutindi, na mimi kwa sababu nilikataa kuachwa. Mbuzi mmoja alinilalia begani kutoka Kibwezi hadi Mutomo. Tukapita Kitui, tukapita Mwingi, jointi hazijalia. Kisha tukafika mto wa mchanga mkavu na gari likazama.

"Piga rivasi!" Kisilu akapiga kelele. "Rudi kidogo, halafu uvute!"

"Nikirudi hapa jointi itavunjika, tuache kila kitu mchangani!"

Basi tukashuka. Tukachimba kwa mikono, tukatandika magunia na matawi mbele ya magurudumu, Mutindi akavua viatu na kusukuma kuliko Kisilu. Gari likaguna, likapanda gunia la kwanza, la pili, likaruka ng'ambo, nasi tukalikimbilia huku tunapiga makofi, mbuzi wakilia ndani.

Tulifika Nuu wekundu kwa vumbi. Mzee Ndululu, baba yake Mutindi, alikuwa ameketi nje. Mkewe, Mbula, alikuja moja kwa moja hadi kwa Muthama, akampa mkono na kumwuliza habari ya safari. Nikamwona Mutindi akiinamisha uso. Mama Mkamba hampi mkono mume wa binti yake. Humkwepa kwa heshima, hata njiani. Mbula alimsalimu Muthama kama vile mtu anavyomsalimu fundi aliyeleta gari.

Kisilu akasema maneno yake, marefu bila sababu. Mbuzi wakashushwa. Mzee Ndululu akawapapasa mgongo mmoja baada ya mwingine, akawafungua vinywa, akatazama meno. Akamgeukia Muthama.

"Umechelewa sana," akasema. "Waingizeni bomani."

Mbula akashtuka. Akavuta leso kichwani, akafunika uso, akakimbia na umri wake wote, akajificha nyuma ya ghala la mahindi.

"Mwaitu!" Mutindi akamwita, anacheka na machozi yanamtoka. "Mama, unakimbia nini?"

Sauti ikatoka nyuma ya ghala, imejaa ghadhabu na furaha.

"Mwambie bwana yako ageuke huko, nipite niende jikoni!"