Siku Niliyomshinda Mkurugenzi

Ninyi mnaonicheka sokoni Kasongo, nisikieni na mimi basi. Wafanyakazi wa kiwanda cha pamba walinichagua kuwa delege, niwasemee mbele ya patroni, mkubwa wetu wa kazi, kwa sababu ya kinywa changu na koti langu. Tulitaka posho ya samaki wasiooza na nyumba zisizovuja.

"Mimi sina amri," patroni akasema. "Mukurugenzi mwenyewe iko hapa, ametoka Kindu. Ongea naye."

Mezani alikaa Mzungu mwenye kofia nyeupe mpya. Nikanguruma asubuhi nzima. Kila nilichodai alijibu, "Ndiyo, iko muzuri." Samaki, ndiyo. Mabati, ndiyo. Nikaongeza na sabuni. Nikajiambia, huyu ameuogopa ulimi wangu.

Nilipowatangazia wenzangu, walinibeba mabegani, wakanizungusha uwanja mzima hadi kwenye lori bovu la kiwanda, lililokuwa likingoja fundi. Kofia nyeupe ilikuwa juu ya gurudumu. Chini ya lori ilitokeza miguu miwili.

"Delege," ikaniita sauti ile ile ya iko muzuri, "nipe spana."

Patroni alikuwa barazani, anatutazama na kahawa yake. Nikashuka mabegani, nikampa fundi spana yake, kwa mikono miwili.